Hiace ya 1996 inagoma kuwaka inapotaka yenyewe. Ni demarere inayogeuza motere, ni masi inayorudisha umeme batri, ao nini?

Shofa wa Ndosho
Jambo bandugu. Niko na Hiace ya 1996, motere 3L ya mazutu, gia za mkono. Natembeza abiria Ndosho–Birere. Asubuhi nikigusa kontakti inawaka papo hapo, hata jirani hajamaliza kupiga mswaki. Nikifika Birere nazima, nisichome mazutu bure wakati wa kupakia. Nikirudisha ufunguo: tak. Taa za dashibodi zinang'aa, redio inaimba, motere haigeuki. Tena: tak. Ya saba ao ya nane inakamata, kana kwamba siyo yenyewe iliyokuwa inakataa.

Inaweza kukaa wiki nzima bila kosa. Halafu Ijumaa ikaniaibisha mbele ya abiria kumi na wanne. Mama mmoja akashuka na kuku wake wawili, akasema anaenda kutafuta gari lililoamka.

Batri ni mpya, ina miezi miwili. Mekano wa kwanza alisema alternateri, nikabadilisha. Wa pili anasema nyumba ya ufunguo. Wa tatu anataka tushushe motere yote. Kabla sijashusha chochote nimekuja kuuliza hapa.

Mtoto wa Kadutu
Gari ya Goma kugoma, mnashangaa nini? Jina la muji liko wazi. Leta Bukavu. Huku kila parkingi ni mteremko, Mungu njo demarere yetu.

Muzee wa Katindo
Pole mwanangu. Hao wa Bukavu waache na milima yao.

Umebadilisha batri, lakini je, kosi, zile klipu za waya kwenye vichwa vya batri? Batri mpya kwenye kosi za zamani ni kama kuoga na kurudia shati chafu. Fungua zote mbili, mwaga maji ya moto, kwangua kwa kisu mpaka risasi ing'ae, ndani ya kosi na kwenye kichwa cha batri. Hapa kwetu zinaota ule unga wa kijani na mweupe upesi, juu ya moshi wa volkano ya Nyiragongo. Ile gesi ya salfa ikikutana na mvua inakuwa asidi. Mabati yetu yanatoboka, sembuse kosi.

Baharia wa Mwanza
Samahani wakuu, mimi niko upande wa pili wa mpaka. "Juu ya moshi" maana yake batri inakaa juu ya moshi?

Mtoto wa Kadutu
Juu ya = kwa sababu ya. Karibu Kongo.

Fundi Umeme Himbi
Heshima kwako Muzee. Ila tujue ugonjwa kabla ya dawa.

Watu wanasema "gari haiwaki" kwa vitu viwili visivyofanana. Kuna motere inayogeuka, wuu-wuu-wuu, lakini haishiki moto: hapo tafuta mazutu, hewa, buji za kupasha. Na kuna motere isiyogeuka kabisa: hapo ni umeme. Shofa amesema yake haigeuki, inatoa tak moja. Kwa hiyo pompa na nozo tuziache zilale.

Leo usiku fanya hivi. Washa mafari, zile taa kubwa za mbele, mtu asimame mbele, wewe geuza ufunguo. Mafari yakififia karibu kuzima, umeme ni kidogo: batri, kosi ao masi. Yakibaki yanang'aa na tak inasikika, demarere inapokea amri lakini shaba za ndani hazigusani. Yakibaki yanang'aa na hata tak hakuna, amri haifiki: ufunguo, fuzibu, ao ule waya mwembamba.

Shofa wa Ndosho
Aksanti fundi. Nimefanya. Iliwaka mara kumi mfululizo, bila tak hata moja. Mtoto wangu amesimama mbele ya mafari anauliza "papa, tunatafuta nini?"

Mtoto wa Kadutu
Kama mtoto mwenye homa. Ukimfikisha kwa daktari, anaomba beignet.

Lushois wa Kamalondo
Mnasahau buji za kupasha. Hapa Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi inauma, Hiace zote zinakohoa. Kule kwenu mko mita 1,500 juu, hewa nyepesi. Motere kubwa ya lita tatu kama hiyo inataka joto. Angalia pia hewa kwenye bomba la mazutu.

Fundi Umeme Himbi
Yaya, mambo mawili. Moja, 3L siyo lita tatu. Ni jina tu la motere, ujazo wake ni cc 2,779. Iliyokaribia tatu ni 5L, 2,986. Ile 2L ya kwanza ni 2,446. Wengi wanaagiza pyesi kwa kudanganywa na hilo jina.

Pili, asubuhi ya baridi yake inawaka. Inakataa saa nne, motere ikiwa moto. Buji ingekosa asubuhi, siyo Birere.

Lushois wa Kamalondo
Kwa lita nimekubali. Kwa hewa sijakubali. Mtanikumbuka.

Dereva wa Minova
Ikikataa ikiwa moto, hiyo ni joto. Hiace hiyo motere iko chini ya viti, imefungiwa kama chungu chenye kifuniko. Ukizima, upepo unakata, joto lote linapanda na demarere inaiva. Mie yangu ilikuwa hivyo mwaka mzima. Nilikuwa natembea na bidoni ya maji. Ikikataa, napita chini, namwagia demarere maji, dakika tano inawaka.

Fundi Umeme Himbi
Hiyo bidoni iache. Maji ya baridi kwenye chuma cha moto, tena yanaingia kwenye sharbo. Ulibahatika. Ila joto umelitaja vizuri: waya ukipata moto unabana umeme, na solenoidi, ile sumaku ya umeme ya demarere, ikichoka inakosa nguvu ya kuvuta.

Dereva wa Minova
Kubahatika mwaka mzima kunaitwa ufundi.

Stajeri wa Voltmetri
Wakubwa, jambo. Mimi bado najifunza ila niko na voltmetri.

Nadhani ni masi. Motere imekaa juu ya mpira, haigusani na shasi. Umeme unaotoka kwenye demarere unarudi batri kupitia ule mkanda wa shaba uliosukwa, kutoka motere kwenda shasi. Barabara zetu za mawe ya volkano zinatingisha ule mkanda mpaka unabaki nyuzi tatu. Nyuzi tatu zinatosha redio na taa. Demarere inakula ampea mia na zaidi.

Vipimo: batri iliyotulia isome volti 12.6 hivi. Ukigeuza ufunguo isishuke chini ya 9.6. Halafu weka ncha moja kwenye hasi ya batri, nyingine kwenye chuma kitupu cha motere, mtu ageuze ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, masi imekufa. Bila voltmetri, chukua kebo ya kuazimia umeme, funga hasi ya batri moja kwa moja kwenye motere. Ikikamata mara moja, jibu umepata.

Baharia wa Mwanza
Masi ndiyo ule waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi? Na demarere ndiyo starta? Na mazutu ndiyo dizeli? Basi tatizo lako nalijua, nililipata mwaka juzi, nilikuwa sijui tu kwamba linaongea Kifaransa.

Mama Pyesi
Na wewe ulitengeneza nini? Usiende bila kusema.

Baharia wa Mwanza
Niligonga starta kwa nyundo, dada. Miezi minne, kila asubuhi nyundo. Mke wangu aliiita saa ya kuamkia. Siku moja nyundo ikaacha kufanya kazi, fundi akafungua, makaa yamebaki marefu kama punje ya mchele.

Muzee wa Katindo
Hayo makaa ndiyo sharbo, yanayopitisha umeme ndani ya demarere. Na kama nyundo inasaidia, kweli sharbo zimekwisha ao zimeganda. Shofa, umejaribu nyundo?

Shofa wa Ndosho
Nimejaribu kwa kishikio cha kriki. Mara moja iliwaka, mara moja haikuwaka. Sijui kama nyundo njo ilisaidia ao ilikuwa zamu yake ya kuwaka.

Fundi Umeme Himbi
Niwaeleze ninachokiona mimi karibu kila wiki kwenye demarere hizi za Kijapani.

Ndani ya solenoidi kuna shaba mbili, zimekunjwa kama herufi L. Moja inatoka batri, nyingine inaenda kwenye mota ya demarere. Katikati kuna pistoni ndogo yenye sahani ya shaba kichwani. Ukigeuza ufunguo, sumaku inavuta pistoni, sahani inapiga zile shaba mbili kwa pamoja, umeme unapita. Ile tak unayosikia ni pistoni ikifika mwisho.

Sasa kila ukiwasha, cheche inakula shaba kidogo. Gari ya nyumbani inawashwa mara mbili kwa siku. Yako, kwa kuzima kila kituo, labda thelathini. Shaba ya upande wa batri inaliwa haraka zaidi, mpaka sahani inagusa upande mmoja na kuning'inia upande wa pili. Pistoni imefika, tak imetoka, umeme haukupita.

Na kwa nini mara ya nane inakubali? Kwa sababu ile sahani ni ya mviringo na inazunguka kidogo kila inapopiga. Ukijaribu na kujaribu, inafika mahali pasipoliwa sana, inagusa, motere inageuka. Kesho inazunguka tena inarudi kwenye shimo. Ndiyo maana haina ratiba. Gari haikuchezei, ni sahani inazunguka.

Dawa: ondoa kosi ya hasi kwanza, shusha demarere, fungua kifuniko cha mgongoni chenye skrubu ndogo, badilisha shaba mbili na pistoni. Usinunue demarere nzima.

Mama Pyesi
Fundi amesema kweli, lakini ngoja niongeze la sokoni. Shaba hizo ziko za aina mbili. Ziko za shaba kweli, na ziko za chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Njoo na sumaku ndogo ya redio. Sumaku ikishika, rudisha. Nimeuza pyesi miaka mingi, najua wanaokuja wanalia baada ya wiki mbili.

Na demarere ya okazo mnayopenda, ile "ya Dubai, haijaguswa": mnanunua shaba zilizoliwa na mtu mwingine.

Kwado wa Majengo
Mimi natengeneza pneu tu, lakini niko na ushuhuda. Hiace ya shemeji ilikuwa na hiyohiyo tabia. Mekano wanne. Demarere mpya, batri mpya, ufunguo mpya. Mwishoni kijana mmoja akainua zulia miguuni kwa shofa, akakuta swichi ndogo ya kuzuia wizi, mwenye gari wa kwanza aliificha huko. Mguu wa shofa ukiigusa, gari imezimwa. Siku akivaa sandali inawaka, siku akivaa viatu inakataa.

Mtoto wa Kadutu
Shofa wa Ndosho, unavaa nini leo?

Shofa wa Ndosho
Nimeinua zulia bandugu. Nimekuta franka mia tano, kizibo cha Primus na waya mbili zilizokatwa ambazo sijui zilikuwa za nini.

Mtoto wa Kadutu
Zile mia tano njo faida ya uzi huu.

Stajeri wa Voltmetri
Hizo waya mbili zina rangi gani? Usiziunganishe bila kujua!

Taksi wa Nyawera
Mnazunguka bure. Njia rahisi: ikiwa inawaka, motere inanguruma, toa kosi moja ya batri. Ikizima, alternateri imekufa.

Stajeri wa Voltmetri
Hapana hapana. Batri ndiyo inayotuliza alternateri. Ukiitoa motere ikitembea, volti inaruka juu na kuunguza diyode na regilateri. Unapima alternateri nzima, unarudi nyumbani na mbovu. Pima volti kwenye batri, motere ikitembea: kati ya 13.8 na 14.5 inachaji.

Taksi wa Nyawera
Baba yangu alipima hivyo miaka ishirini.

Fundi Umeme Himbi
Na alinunua alternateri ngapi?

Taksi wa Nyawera
...nyingi.

Mtoto wa Kadutu
😂😂 Nimemwaga chai.

Lakini Muzee wa Katindo nina swali. Kosi zangu pia zinaota unga wa kijani, na mimi niko Bukavu. Hatuna volkano. Nani anatutumia moshi?

Muzee wa Katindo
Upepo mwanangu. Ziwa ni moja.

Stajeri wa Voltmetri
Kwa heshima zote Muzee, unga ule unatoka kwenye asidi ya batri yenyewe. Batri ikichajiwa kupita kiasi inatoa mvuke, mvuke unashika kosi. Mtu wa Lubumbashi anao, wa Mwanza anao.

Muzee wa Katindo
Nimekuwa hapa 2002 na 2021, volkano ikishuka nikaiona kwa macho. Utanifundisha moshi? Tena niambieni ni wangapi wanaongeza maji ya mvua kwenye batri badala ya maji ya duka. Mvua yetu inapita kwenye ule moshi kabla ya kufika kwenye bidoni. Halafu mnasema batri za siku hizi ni mbovu.

Mama Pyesi
Kwa maji ya mvua niko na Muzee.

Dereva wa Minova
Na kuisukuma je? Shofa, ikikataa ukisukumwa inakamata?

Shofa wa Ndosho
Inakamata mara moja, gia ya pili, hatua kumi tu. Vijana wa Birere wananijua, wananiita "papa sukuma". Wananidai soda.

Fundi Umeme Himbi
Umeona? Ikisukumwa inakamata, kwa hiyo mazutu inafika na ile solenoidi ya pompa inafungua. Kilichobaki ni demarere na njia yake ya umeme. Yaya wa Kamalondo, hewa yako imetoka kwenye mchezo.

Lushois wa Kamalondo
Mtanikumbuka.

Taksi wa Nyawera
Kuna ile spray ya ether, unapuliza kwenye bomba la hewa, inawaka hata ikiwa imekufa.

Fundi Umeme Himbi
Kwa motere isiyogeuka, spray itafanya nini? Na kwenye motere yenye buji za kupasha, ukipuliza buji zikiwa moto italipuka mahali isipotakiwa. Nyawera, pumzika kidogo.

Shofa wa Ndosho
Bandugu, nimerudi. Ni siku tano tangu niandike.

Jumamosi nilipumzisha gari. Fundi wa jirani akalala chini, akashusha demarere, kazi ya saa mbili na matusi mengi, maana boloni ya juu haionekani, unaishika kwa kupapasa. Tulipofungua kifuniko: shaba moja ilikuwa na unene wake, nyingine imeliwa mpaka imekuwa kama ukucha. Sahani ya pistoni ina mashimo meusi kama uso wenye tetekuwanga. Nikapima mpya kwa sumaku kama Mama Pyesi alivyosema. Za kwanza mbili zilishika sumaku! Nikapata za tatu.

Na kwa kuwa gari ilikuwa wazi, tukakwangua kosi, tukaweka mkanda mpya wa masi, wa zamani ulikuwa nyuzi nne. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: inawaka kwa kuguswa tu. Vijana wa Birere wamenuna.

Aksanti sana kwa wote.

Fundi Umeme Himbi
Shaba. Nilisema.

Stajeri wa Voltmetri
Nyuzi nne, fundi. Nilisema tatu, nimekosa moja tu. Masi ndiyo iliyokuwa inashusha volti.

Muzee wa Katindo
Na kosi alikwangua. Mmesoma hapo? Kosi.

Mama Pyesi
Amefanya zote tatu siku moja. Sasa hapa nani atajua? Kila mtu achukue ushindi wake aende nyumbani.

Dereva wa Minova
Tena siku hizo nne kulikuwa na mvua, motere haikupata joto. Subirini jua.

Stajeri wa Voltmetri
Shofa, shaba za zamani umezitupa? Zirudishe siku moja tu, tuone na masi mpya inafanyaje. Kwa elimu.

Shofa wa Ndosho
Elimu ulale wewe chini ya gari, ile boloni ya juu uipapase wewe.

Kwado wa Majengo
Na zile waya mbili chini ya zulia?

Shofa wa Ndosho
Nimezifunga na skochi nikarudisha zulia.

Shofa wa Ndosho
Bandugu, samahani kurudi asubuhi hii. Jana usiku nililaza gari nyumbani kwa kaka, mlangoni pake pamepanda, pua ya gari ikaangalia juu. Leo saa kumi na mbili nageuza ufunguo: demarere inazunguka vizuri sana, nguvu kama ya ndege, wuu-wuu-wuu. Haishiki. Nimezungusha mpaka nikaona huruma ya batri. Nikapiga ile pompa ya mkono juu ya filtri, mara ishirini hivi, mwanzoni ilikuwa laini kama mpira usio na upepo, halafu ikakaza. Nikarudi kwenye ufunguo, ikawaka na moshi mweupe mwingi.

Mafuta nilijaza jana kwa kadhafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, sijui kama inahusika.

Lushois wa Kamalondo
Habari za asubuhi watu wa Goma.

Mtoto wa Kadutu
Ameingia 😂

Lushois wa Kamalondo
Gari likilala pua juu, mazutu inarudi tangini kama kuna mahali panaponyonya hewa. Pompa laini maana yake ni hewa. Toa kipande cha bomba kati ya filtri na pompa, weka bomba la plastiki linaloonyesha ndani, uone vipovu. Anza na mpira wa ile pompa ya mkono, ndipo panapopasuka kwanza.

Fundi Umeme Himbi
Ao ni maji kwenye mazutu ya kadhafi. Mwaga filtri kwanza kwenye chupa, iache itulie, uangalie chini.

Muzee wa Katindo
Na buji? Moshi mweupe asubuhi ni buji.

Fundi Umeme Himbi
Muzee, buji uliziacha wiki nzima, leo umezikumbuka.

Shofa wa Ndosho
Ngoja nimalize zamu ya kwanza, abiria wamejaa. Sizimi mpaka jioni.